Jinsi ya kuwaenzi marubani wa vitani na wenzao ukiwa hapa hapa Dar

Ngoja nianze na tulivyoharibu mwaka wa kwanza, itakusaidia. Vijana kama kumi na mbili wa mtaani tulikubaliana tufanye kumbukumbu ya wanajeshi wa anga waliokuwa hapa Dar vita ya pili ya dunia, tukachanga, tukaprinti bango kubwa lenye ndege ya kivita ya Spitfire inapasua mawingu. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi akasimama mbele ya lile bango akaliangalia weee, afu akauliza kwa upole tu, hii ndege yenu ilikuwa inatua wapi, maana hao mnaowasema walikuwa wanatua baharini.

Tulitamani ardhi ipasuke. Kikosi chenyewe ni skwadroni namba 259 ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, makao yake yalihamia Dar mwaka 1943, na walikuwa wanarusha Catalina, ndege ya kutua majini kama boti, kazi yao kuwinda nyambizi Bahari ya Hindi. Spitfire anapanda mtu mmoja, Catalina inabeba wanane au zaidi. Kwa hiyo bango letu lilikosea ndege na likafuta watu saba kwa mkupuo.

Tangu siku ile tunaanza na mtu, ndege inafuata baadaye. Ingia kwenye tovuti ya CWGC, hiyo ndo tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, kutafuta ni bure. Chagua nchi Tanzania, chagua vita, chagua jeshi la anga, afu soma taratibu. Utapata jina, cheo, kikosi, tarehe ya kufa na namba ya kaburi, wengine mpaka umri na majina ya wazazi. Chagua mmoja tu. Ukichukua ishirini utaishia kusoma orodha kama mwalimu wa zamu na hakuna atakayekumbuka hata mmoja, niamini mimi.

Ukishampata tafuta alikuwa na nani siku hiyo, hapa ndo penye utamu na ndo watu wengi wanaruka. Mfano tarehe 20 Agosti 1943 nyambizi ya Kijerumani U-197 ilizamishwa kusini ya Madagascar na Catalina mbili, moja ya skwadroni 259 na nyingine ya 265. Watu watasema rubani kaizamisha. Sasa nani alisoma ramani juu ya bahari isiyo na alama, nani alikaa na redio masikioni, nani aliangalia injini, nani alikuwa nyuma kwenye bunduki anachungulia dirishani saa na saa macho yanamuuma? Waandike wote, cheo kidogo kikubwa, mstari mmoja mmoja. Na mafundi wa chini pia. (Halafu kitu kingine, kauli mbiu ya hiyo 259 ilikuwa ya Kiswahili, "Haya ingia napigane". Sarufi imeenda upande, najua, sijui nani aliwasaidia kutafsiri, ila mimi napenda kuisoma kwa sauti hivyo hivyo bila kuisahihisha.)

Makaburi ya vita yako Barabara ya Bagamoyo, mwambie konda mapema maana ukipitiliza utarudi kwa miguu na jua la Dar unalijua. Yalianzishwa 1968 makaburi ya Ocean Road yalipohamishwa kupisha barabara, baadaye wakaletwa na wengine toka mikoani. Wengi sana ni wa vita ya kwanza, zaidi ya 1,700, wa vita ya pili ni 41 tu, na wamo Wajerumani na Wabelgiji. Usiwaruke hao. Pita polepole, soma beji, usikanyage juu ya kaburi, usipige selfi umeinua vidole.

Ila wengi wa anga hawana kaburi. Ndege ikizama baharini unazika nini? Majina yao yako kwenye kuta za kumbukumbu za mbali, kama Runnymede kule Uingereza yenye zaidi ya 20,000, au Alamein, Misri. Hao sisi tunawasomea ufukweni, Coco Beach asubuhi kabla muziki haujaanza, mmoja anasoma jina, wengine kimya, basi. Maeneo hayo hayo ya Oyster Bay alikaa Roald Dahl, yule wa hadithi za watoto, alikuwa mfanyakazi wa Shell hapa Dar, akajiunga na RAF 1939 akaenda kufundishwa urubani Nairobi. Walikuwa 16, na kwa simulizi yake mwenyewe 13 waliuawa. Yeye dunia nzima inamjua, kwa hiyo wewe watafute wale 13.

Kama unataka cha vita ya kwanza, simulia Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 Waingereza wawili, rubani Cull na mwenzake Arnold, walikuwa angani juu ya delta wanaelekeza mizinga ya Waingereza kwenye meli ya Kijerumani Königsberg, ndege yao ikapigwa, na huku inashuka Arnold akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha kwa redio mpaka wakaangukia mtoni, wote wakapona. Ukiisimulia taja pia wapagazi waliokuwa wanabebea mizigo majeshi kwenye vita ile, jina la Kariakoo limetokana nao na wengi hawana hata jiwe.

Sasa wa kwetu, wa Kagera 1978 na 1979. Hapa huendi mtandaoni kwanza, nenda kwa wazee, Ukonga Airwing hukosi wa kukuelekeza. Shikamoo kwanza, kaa, kunywa chai, usitoe simu. Usiulize uliua wangapi. Uliza ulikuwa unalala wapi, mlikuwa mnakula nini, rafiki yako alikuwa nani, hapo mzee atafunguka mwenyewe. Kurekodi omba ruhusa, na akikwambia hili usiandike basi usiandike. Na kambi za jeshi hazipigwi picha, usije ukasema sikukwambia.

Tarehe ziko mbili. Julai 25 ni Siku ya Mashujaa, hiyo ni ya wa kwetu, na kule Kaboya, Muleba, wamelala wanajeshi wetu wa vita ya Kagera. Ya pili ni Novemba 11, siku vita ya kwanza ya dunia ilipokoma kule Ulaya mwaka 1918, saa tano asubuhi, dakika mbili za kimya. Huku kwetu ile vita ya kwanza iliendelea kidogo, kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Novemba 25, kwa hiyo mkichelewa wiki mbili mna kisingizio.

Maua chukua asumini au chochote kibichi, ya plastiki yanapauka yanakuwa takataka za mtu mwingine. Dua kila mtu kwa dini yake, kimya kimya, hamna haja ya spika. Na ukikuta kitabu cha wageni usiandike "pazuri sana", andika jina la huyo uliyemwendea na la kila aliyekuwa naye kwenye ndege.