Picha ya mchana na ya usiku ifuate jua la mahali kilipo kituo

Ikiwa tovuti yako ya hali ya hewa hubadilisha picha ya mchana kuwa ya usiku saa 12:00 jioni kila siku, ni afadhali ifuate jua lenyewe, kwa kuwa Kigoma na Dar es Salaam hutumia majira mamoja ya saa, lakini Kigoma jua huchwea takriban dakika 40 baadaye. Huduma ya data za hali ya hewa iitwayo Open-Meteo, ambayo ni bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, ikipewa latitudo na longitudo za kituo, inaweza kukurudishia is_day, yaani 1 mchana na 0 usiku, pamoja na weather_code, ambapo 0 ni anga safi na 95 ni mvua ya radi. Ziite picha zako kwa tarakimu hizo, kama vile 95-1.png na 95-0.png, na mstari mmoja wa msimbo utatosha kuchagua iliyo sahihi. Usitumie saa ya kifaa cha msomaji, kwani ndugu aliyeko London ataonyeshwa jua kali wakati Kigoma kumekwisha kuwa giza, na kosa hilo huondoa imani haraka.