Jirani amejifungua, na nyumbani anapigwa

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii Mukuru, Nairobi. Nenda asubuhi, mume akiwa kazini. Ukuta wa mabati hausitiri neno. Usianze na kipigo. Mbebee mtoto afue nepi, kisha uliza: unalala? Unakula? Umefikiria kujidhuru? Hilo la mwisho liulize waziwazi, halimtii wazo kichwani. Mama mmoja alikunja leso ileile mara nne, akaniambia, "Dada, hata kumnyonyesha sitaki." Huenda huo ni ugonjwa wa huzuni nzito baada ya kujifungua, unatibika. Akisema anataka kujidhuru, usimwache peke yake. Mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Tafadhali, usimwambie avumilie. Wala usimsukume ahame ghafla: anapoondoka ndipo hatari huzidi. Namba 1195, ya simu ya msaada kwa wanaopigwa nyumbani, ni bure, aikariri. Kitambulisho na kijitabu cha kliniki aviache kwako, asivikose siku akiondoka.