Somo: Kupima mzigo wa joto kwa mfanyakazi, hatua kwa hatua

Kipimajoto kilichotundikwa ukutani kimeleta ubishi mwingi kwenye karakana za moto. Msimamizi anakitazama, kinasoma nyuzi 33, anasema "mbona kawaida tu". Mita chache kutoka hapo kijana anaopoa mavi ya chuma juu ya chungu cha kuyeyushia, shati limemganda mgongoni na michirizi myeupe ya chumvi imeshajichora kwenye mabega. Wako ndani ya jengo moja, lakini joto linalowapata si moja.

Mwili hupokea joto la hewa, hupokea mionzi ya kila kitu cha moto kilicho mbele yake, na juu ya hayo misuli yenyewe inazalisha joto kadiri inavyofanya kazi. Njia yake kubwa ya kujipoza ni jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, au nguo ikiwa haipitishi mvuke, jasho hutiririka bure. Kile kipimajoto cha ukutani kinaijua hewa tu. Kwa hiyo tunachopima hapa si joto la chumba, ni mzigo unaomwangukia mtu fulani anayefanya kazi fulani.

Hatua ya 1: Fuata mtu kabla ya kupima chochote

Chukua saa na daftari, ufuatane na mfanyakazi mmoja. Andika dakika ngapi yuko kwenye tanuri, ngapi anabeba, ngapi amekaa. Tafuta saa moja iliyo mbaya kuliko zote katika zamu, maana hiyo ndiyo utakayoihesabu. Usiridhike na ratiba ya ofisini. Mapumziko ya dakika 15 yaliyoandikwa kwenye karatasi mara nyingi huwa dakika 6 kwa saa yako.

Hatua ya 2: Simika vipimo pale anaposimama yeye

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kinaitwa WBGT, kifupi cha Kiingereza cha wet bulb globe temperature, yaani joto la utambi uliolowa na la tufe. Kilibuniwa miaka ya 1950 baada ya askari wanamaji wa Marekani kuanguka kwa joto mafunzoni, na leo utaratibu wake umo kwenye kiwango cha kimataifa ISO 7243. Ndani ya jengo unahitaji namba mbili.

Ya kwanza inatoka kwenye tufe jeusi lisilong'aa, lenye kipenyo cha milimita 150, na kipimajoto katikati yake. Hili ndilo linaloona mionzi. Ya pili inatoka kwenye kipimajoto kilichovikwa utambi wa pamba nyeupe, ncha yake ikiwa ndani ya maji yaliyokenekwa. Huu utambi unafanya kazi ya jasho. Uloweshe nusu saa kabla, uwe safi, na usiupepee wala kuukinga: uache upate upepo uleule anaoupata mfanyakazi. Utambi mkavu au wenye vumbi husoma juu kuliko ukweli.

Tufe linataka subira ya dakika 20 hadi 30. Nasema hivi kwa uchungu. Mwanzoni mwa kazi hii nilisoma tufe baada ya dakika 5, nikaandika 38, nikatia saini kwamba sehemu ile ni salama. Alasiri yake kijana aliyekuwa ametoka likizo siku mbili tu kabla alianguka magoti mbele ya tanuri. Niliporudi na kungoja nusu saa, tufe lilisoma 48. Alipona, lakini ile karatasi yenye 38 ninayo hadi leo.

Joto likitofautiana kati ya kichwa na miguu, pima mita 1.7, 1.1 na 0.1 kutoka sakafuni kwa anayesimama. Namba ya katikati ihesabu mara mbili, kisha gawanya jumla kwa 4.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Ndani, au nje pasipo jua:
WBGT = 0.7 × utambi + 0.3 × tufe

Nje juani:
WBGT = 0.7 × utambi + 0.2 × tufe + 0.1 × hewa

Angalia vizuri ile hesabu ya ndani. Joto la hewa, lile la ukutani, halimo kabisa. Utambi umebeba asilimia 70, kwa sababu swali kubwa ni kama jasho litakauka.

Hatua ya 4: Kadiria uzito wa kazi

ISO 7243 hugawa kazi kwa wati: kupumzika 115, kazi nyepesi 180, ya wastani 300, nzito 415, nzito sana 520. Kukaa na kuendesha mtambo kwa mikono ni nyepesi. Kupigilia misumari au kusukuma toroli jepesi ni wastani. Kupiga sepetu na kubeba mizigo ni nzito. Ukisitasita kati ya ngazi mbili, chukua ya juu.

Hatua ya 5: Ongeza mavazi

Nguo ya kawaida ya kazi au ovaroli ya kitambaa haiongezi kitu kwenye WBGT. Nguo za kufumwa za tabaka mbili, ongeza nyuzi 3. Suti isiyopitisha mvuke kabisa, kama za kemikali, ongeza nyuzi 11. Watu wengi huisahau hii 11, na mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti ya asubuhi na mchana.

Hatua ya 6: Linganisha

Kwa aliyezoea joto, viwango vya WBGT visivyopaswa kuzidiwa, kuanzia kupumzika hadi kazi nzito sana, ni 33, 30, 28, 26 na 25. Kwa asiyezoea ni 32, 29, 26, 23 na 20. Kadiri kazi inavyokuwa nzito ndivyo mgeni anavyozidi kuachwa nyuma.

Tufanye mfano wa saa moja. Kwenye tanuri dakika 20: utambi 27, tufe 48, WBGT 33.3, wati 415. Kwenye kalibu (umbo la kumiminia chuma) dakika 25: utambi 25, tufe 34, WBGT 27.7, wati 300. Chumba cha mapumziko dakika 15: utambi 23, tufe 28, WBGT 24.5, wati 115.

Wastani wa WBGT: (20×33.3 + 25×27.7 + 15×24.5) ÷ 60 = 28.8. Wastani wa wati kwa njia hiyohiyo ni 292, yaani kazi ya wastani, kiwango 28. Huyu amezidi hata kama ni mzoefu.

Sasa weka ngao ya bati linalong'aa kati yake na tanuri, tufe lishuke hadi 40. WBGT ya pale inakuwa 30.9, na wastani wa saa unashuka hadi 28.0. Bati moja limemfikisha mzoefu kwenye mpaka. Mgeni, ambaye mpaka wake ni 26, bado hafai kuwekwa pale kwa ratiba hiyo.

Hatua ya 7: Uliza mwili

Kuzidi kiwango maana yake chunguza watu wenyewe na urekebishe kazi. Mapigo ya moyo kwa dakika yakikaa dakika kadhaa juu ya 180 ukitoa umri wake, msimamishe. Dakika moja baada ya kuacha kazi ngumu, mapigo yakiwa bado zaidi ya 120, mapumziko hayatoshi. Mpime uzito mwanzo na mwisho wa zamu: akipungua zaidi ya asilimia 1.5, hanywi maji ya kutosha.

Maswali

*Mkuu, sina tufe wala utambi. Programu ya hali ya hewa kwenye simu haitoshi?*

Ile inahesabu hewa na unyevu kivulini. Tanuri lako haliijui. Itumie kama onyo la kujiandaa siku mbaya, kisha egemea Hatua ya 7, inayotaka saa na mizani tu. Lakini usiandike ripoti ya usalama kwa namba ya simu.

*Tumefunga feni kubwa, watu bado wanalalamika. Kwa nini?*

Hewa ikipita nyuzi 35 hivi, inakuwa ya moto kuliko ngozi, na feni inaanza kukusukumia joto. Bado inaweza kusaidia jasho kukauka, ila kwa mionzi ya tanuri feni haifanyi lolote. Mionzi inazuiwa na ngao.

*Mwalimu, vijana wetu wamekaa hapa miaka kumi. Hao si wamezoea?*

Mazoea ya joto hujengwa kwa siku 7 hadi 14, na wiki moja tu ya kukaa mbali inatosha kuanza kuyapoteza. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mgeni aanze na asilimia 20 ya muda wa kazi ya joto siku ya kwanza, aongeze 20 kila siku. Mzoefu anayerudi: 50, 60, 80, kisha 100.

*Tuwape vidonge vya chumvi?*

Hapana. Mlo wa kawaida hurudisha chumvi kwa wengi. Maji ya baridi, kikombe kila dakika 15 hadi 20, bila kuzidisha lita 1.4 hivi kwa saa. Jasho likiwa jingi kwa saa nyingi mfululizo, kinywaji chenye madini ya chumvi kinafaa.

*Mwenzetu alianza kuongea ovyo, lakini alikuwa anatoka jasho, tukasema si kiharusi cha joto. Tulikosea?*

Ndiyo ndugu yangu, na wengi hukosea hapo. Kiharusi cha joto kinachotokana na kazi nzito kinaweza kumpata mtu akiwa bado analowa jasho. Dalili ya kushika ni akili: kuchanganyikiwa, kuyumba, kuzimia. Mwiteni daktari, na papo hapo mvueni nguo za juu, mzamisheni kwenye maji baridi huku mmemshika kichwa, au mmwagieni maji mfululizo na kumpepea. Msingoje gari lifike ndipo muanze kumpoza.