Kusoma dhoruba kwenye rada: anza na urefu wa mwale juu ya ardhi

Wengi wanaoanza utafiti wa dhoruba hukimbilia rangi. Wakiona nyekundu, wanaandika "mvua kubwa". Mimi nikifungua data, swali langu la kwanza ni hili: mwale, yaani mawimbi ya redio yanayotumwa na dishi la rada, ulikuwa juu kiasi gani ulipoigusa mvua?

Hatua ya 1. Pima umbali kutoka rada hadi kwenye dhoruba. Dishi likiinuliwa nusu digrii tu, kwenye kilomita 100 mwale huwa umefika takriban kilomita 1.5 juu ya ardhi, na kwenye kilomita 200 umepita kilomita 4, kwa sababu ardhi inapinda chini yake. Tena unazidi kutanuka: mwale wa digrii moja huwa na upana wa karibu kilomita 1.7 ukifika kilomita 100. Unachokiona mbali ni mambo ya mawinguni, na mvua hiyo yaweza kukauka kabla ya kutua. Andika urefu huo kwenye kila picha unayohifadhi.

Hatua ya 2. Ondoa visivyo mvua. Mwangwi (mawimbi yanayorudi kwenye rada) wa milima na majengo hauhami, na kasi yake ni sifuri.

Hatua ya 3. Soma dBZ, kipimo cha nguvu ya mwangwi. Nguvu ya mwangwi hufuata kipenyo cha tone kwa kipeo cha sita, kwa hiyo tone lenye kipenyo maradufu hurudisha mwangwi mara 64. Ndiyo maana matone makubwa machache huweza kuyafunika madogo maelfu. Kwa mlinganyo uliozoeleka wa Marshall na Palmer, 40 dBZ ni kama milimita 11 kwa saa. Ikipita 55, shuku mvua ya mawe, na usiigeuze kuwa milimita: mlinganyo huo ni wa matone ya maji.

Hatua ya 4. Fungua picha ya kasi ya Doppler, yaani kasi ya kuisogelea rada au kuondoka kwake. Kwa kawaida kijani ni upepo unaoijia rada, nyekundu unaoondoka. Tafuta kijani kikali na nyekundu kali vilivyokaa ubavu kwa ubavu, umbali uleule kutoka rada: hapo upepo unazunguka. Kimoja kikiwa nyuma ya kingine kwenye mwale mmoja, upepo unakutana au unatawanyika, hauzunguki. Panda pembe inayofuata ya kuinua dishi, kisha ya juu yake. Jozi ikionekana kwenye pembe kadhaa na kudumu skani (mizunguko ya rada) mbili tatu, iweke kwenye orodha yako ya dhoruba zinazozunguka.

Ndipo ufungue rekodi za vipimamvua vilivyo chini ya dhoruba hiyo, ukianza na kilicho karibu zaidi na rada.