Somo: Kabla hujanunua sufu ya kuzuia joto na baridi ya kuweka darini

Wengi huanza kwa kuuliza "ipi bora?" Swali hilo huja la tatu.

Hatua ya 1. Panda darini mwenyewe na tochi. Tafuta alama za maji kwenye kenchi, mavi ya panya, na mianya pale nyaya na mabomba yanapopenya. Panapovuja pazibwe kwanza, kwani sufu iliyolowa haizuii joto na mbao zilizo chini yake zitaoza. Mianya nayo izibe kwa silikoni. Ni kazi ya kuchosha na haionekani, ndiyo maana mafundi wengi huiruka.

Ukikuta chembechembe nyepesi zinazometameta zilizomwagwa zamani, usizichokonoe. Huenda ni vemikulaiti, madini ya kuzuia joto, na baadhi yake ilichanganyika na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Ita mtaalamu.

Hatua ya 2. Unapambana na joto au baridi? Bati lililochomwa na jua humimina joto chini kwa mnururisho, yaani kwa miali. Hapo foili ya alumini husaidia sana, mradi upande unaong'aa uachiwe nafasi ya hewa ya kama sentimita 2.5. Upande huo ukigusana na bati haufai kitu, maana alumini hupitisha joto upesi. Baridi inataka unene wa sufu.

Hatua ya 3. Sasa chagua. Sufu ya kioo (nyuzi za kioo) ni nyepesi na hukatika kwa kisu. Sufu ya mwamba (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa) ni nzito zaidi, lakini huhimili moto na hupunguza kelele. Karatasi zilizosagwa hujaza pembe zisizofikika, ila hushuka kadiri muda unavyopita, hivyo mwaga za ziada. Povu la kupulizia ni kazi ya fundi. Likishaganda, kulitoa ni balaa. Namba ya R kwenye pakiti ikiwa kubwa, uzuiaji ni mkubwa.

Maswali ya wanachama

Nikiishindilia sufu ya sentimita 20 kwenye nafasi ya 10, si itazuia zaidi?
Hapana, ndugu. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kwenye nyuzi. Ukishindilia, unaifukuza.

Ya zamani niitoe?
Kama ni kavu na safi, tandika mpya juu yake kwa kukingama. Hiyo mpya isiwe na karatasi ya kuzuia mvuke, unyevu usije ukanaswa katikati.

Mama watoto anataka nizibe na matundu ya pembeni mwa paa.
Mwombe akuvumilie, shemeji yetu huyo. Usiyazibe, unyevu wa darini hutoka nje kupitia hapo.

Nimetandika sufu, ngozi imeniwasha siku mbili!
Ulivaa mikono mifupi, sivyo? Vaa barakoa, glavu na miwani, na nguo hizo zifue peke yake.