Kabla hujagusa maikroskopu: kutafuta substansi P kwenye uti wa mgongo wa panya

Watu wengi wanaianza hii kazi ya kutafuta molekuli kwenye tishu kwa kingamwili (protini inayoshika molekuli moja) na rangi inayong'aa, kwa kuuliza maikroskopu ipi, konfoko (ile ya leza) ipo au hamna, lenzi ya ngapi. Mi nasema hilo swali weka pembeni kwanza. Maikroskopu inakuonyesha kile ulichokibakiza kwenye tishu, na hicho kimeshaamuliwa siku mbili tatu nyuma, wakati panya yuko kwenye trei na pampu inazunguka. Ukizingua pale hamna lenzi ya kukuokoa, hata iwe ya bei ya nyumba.

Ngoja nichukue mfano mmoja ili tusiongee hewani: substansi P. Ni peptidi fupi tu, yani kipande cha mnyororo wa protini, amino asidi 11, neva zinaitumia kupelekeana habari. Watafiti von Euler na Gaddum waliikuta kwenye ubongo na utumbo wa farasi wakaitangaza 1931, ikakaa miaka 40 ndo mpangilio wake ukajulikana mwaka 1971. Kwenye uti wa mgongo inajazana pembe ya nyuma ya ile sehemu ya kijivu ya katikati, tabaka la I na la II, pale zinapoingilia nyuzi nyembamba za neva zinazoleta habari za maumivu. Kwa anayeanza uzuri wake ndo huo, unajua kabisa utaikuta wapi. Ukiona utepe unaong'aa umefunika ncha ya pembe ya nyuma kushoto na kulia, na ukiusogelea unakuta ni vidonge vidonge vimepangana kama shanga kwenye uzi, basi kazi inaelekea. Ukiona kipande chote kinang'aa sawasawa usianze kupiga picha za kutuma kwa watu, huo ni uchafu.

Sasa, kabla ya yote jiulize unatafuta molekuli ya aina gani, maana dawa ya kufiksi, yani ya kuifunga molekuli mahali pake tishu isioze, inafuata hapo. Peptidi kama hii inashikika vizuri na parafomaldehaidi asilimia 4. Lakini GABA au glutameti, nazo ni kemikali za neva kupelekeana habari, ni vitu vidogo mno, parafomaldehaidi peke yake haivishiki sawasawa, vinaoshwa na bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) vinaenda zake, ndo maana wanaotafuta hivyo wanaongeza glutaraldehaidi, na kingamwili yenyewe inakuwa imetengenezwa dhidi ya GABA iliyofungwa kwenye protini kwa glutaraldehaidi hiyohiyo. Shida ni kwamba glutaraldehaidi inaifanya tishu ing'ae yenyewe bila hata rangi. Kwa hiyo wengi wanaona bora watafute kimeng'enya kinachotengeneza GABA, au protini inayoipakia kwenye vifuko vya mwisho wa neva. Na kama ni naitriki oksaidi ndo kabisa, ile ni gesi, unabandikaje kingamwili kwenye gesi? Unatafuta kimeng'enya chake.

Kibali cha maadili ya wanyama kiwe mkononi kabla panya hawajaagizwa, hilo sina haja ya kulirefusha.

Siku ya kufiksi ndo siku yenyewe. Parafomaldehaidi tengeneza mpya, usichukue ile chupa ambayo imekaa friji na hamna anayekumbuka ya lini. Poda inayeyuka kwenye maji ya moto kama nyuzi 60 hivi, unadondoshea sodiamu haidroksaidi kidogokidogo mpaka ule ukungu mweupe uondoke, halafu bafa ya fosfeti, unachuja, unapooza, unahakikisha pH ni 7.4. Yote hayo ndani ya kabati la kuvuta hewa na glavu mkononi, ile mvuke inachoma macho na si kitu cha kuvuta hivihivi. Panya akishalala fofofo kwa dawa, hasikii chochote, sindano inaingia ventrikali ya kushoto, atiria ya kulia inakatwa, maji ya chumvi yanapita kwanza kusafisha damu, ndo fiksa (ile dawa ya kufiksi) inafuata. Angalia ini. Likibadilika kutoka wekundu kuwa rangi ya chai ya maziwa, damu imetoka. Fiksa ikiingia utaona misuli inatetemeka, halafu mkia unakakamaa. Ini likibaki na mabaka mekundu, andika kwenye daftari namba ya huyo panya, usijidanganye kwamba utakumbuka.

Mi hili nimelijua kwa kuumia. Nilikuwa na kingamwili ya substansi P ya monokloni (zote za aina moja, kutoka ukoo mmoja wa seli) iliyotengenezwa kwenye panya mkubwa (rat), kuna moja maarufu ya hivyo inaitwa NC1/34, ya watafiti Cuello, Galfré na Milstein, mwaka 1979, na tishu yangu ilikuwa ya panya mdogo (mouse). Nikaweka kingamwili ya pili, ile yenye rangi, ya kushika kingamwili za panya mkubwa, nikasubiri, nikaenda chumba cha giza, naona mistari inang'aa imejigawa matawi vizuri kabisa, nikaita wenzangu. Dada mmoja wa maabara akachungulia sekunde mbili akasema, hiyo mishipa ya damu. Na kweli. Damu haikutoka vizuri, kingamwili za panya mwenyewe zilibaki mle ndani, na panya mdogo na mkubwa wanafanana mno kiasi kwamba kingamwili yangu ya pili haikuwatofautisha. Wiki nzima imeenda. Kwa hiyo kabla hujaagiza chochote chora kwenye karatasi: tishu ya mnyama gani, kingamwili ya kwanza ya mnyama gani, ya pili inashika nani, na je imesafishwa isimshike mwenye tishu. Ya sungura kwenye tishu ya panya inakupunguzia haya mashaka, bora hiyo ukiweza.

Hapohapo panga kontroli, yani vipande vya kulinganishia. Ya kuacha kingamwili ya kwanza ni lazima, ingenionyesha kosa langu siku ileile. Ya kuichanganya kingamwili na peptidi kwanza ili ishibe ni nzuri ila watu wanaiamini kupita kiasi, inakuambia kingamwili inaishika substansi P, haikuambii kwamba haishiki kitu kingine. Na substansi P ina ndugu, nyurokinini A, wanafanana mkiani, kingamwili iliyolenga mkia inaweza kuwachanganya. Kuna wanaosema basi chukua panya aliyeondolewa jeni ya Tac1, inayotoa substansi P. Sawa, ni kontroli nzito, alama ikibaki pale ujue ni ya uongo, lakini jeni hiyo moja inatoa substansi P na nyurokinini A zote mbili, kwa hiyo hao ndugu wawili haikutenganishii. Mi huwa napitisha pia kipande cha ganglia ya mzizi wa nyuma, kile kifundo cha seli za neva kando ya uti wa mgongo, vile viseli vidogo baadhi yake lazima viwake, visipowaka tatizo liko kwenye dawa zangu.

Kitu kingine kinachowachanganya watu: kwenye uti wa mgongo utaona shanga nyingi, seli zenyewe kama hazina kitu. Si kosa lako. Peptidi inatengenezwa kwenye mwili wa seli halafu inasafirishwa mpaka miisho ya neva ndo inarundikana huko. Zamani walikuwa wanamdunga mnyama kolchisini ili usafiri ukwame, peptidi ijae kwenye seli, lakini ile ni sumu na inavuruga mengine. Kama swali lako ni seli gani inaitengeneza, tafuta mRNA yake (ile nakala ya jeni ambayo seli inaisoma kuitengeneza), na amua hilo sasa, kabla hujafiksi.

Kingamwili ikifika igawe kwenye vichupa vidogo siku hiyohiyo. Kuigandisha na kuiyeyusha mara tano sita inakufa, na huku kwetu umeme ukikatika usiku na jenereta lisiwake, friza inakufanyia hiyo kazi bure. Kiwango cha kuizimua usikiamini cha kwenye karatasi, jaribu kama vinne hivi, 1:500 mpaka 1:4000, uone wapi alama inabaki na uchafu unapungua. Seksheni (vipande vyembamba vya tishu) za mikroni 30 au 40 zikielea kwenye bafa yenye Triton, ambayo ni aina ya sabuni, asilimia 0.3 zinakunywa vizuri, lakini ujue bado kingamwili haifiki katikati kabisa, kwa hiyo ukihesabu kitu hesabu karibu na uso, na vipande vyote kina kilekile.

Kama unaweka rangi mbili, tengeneza na slaidi za rangi mojamoja, la sivyo hutajua kijani imevujia kwenye chaneli ya nyekundu. Halafu ile njano inayotokea kijani na nyekundu zikipandana isikulevye. Maikroskopu ya mwanga inaishia kama nanomita 200, nafasi kati ya neva na neva kwenye sinapsi ni kama 20, yani vitu vilivyo pande mbili za sinapsi vitaonekana viko pamoja. Ukitaka kusema vitu viwili viko ndani ya kifuko kimoja nenda maikroskopu ya elektroni. Na kuiona peptidi pale haimaanishi imeachiliwa. Mantyh na wenzake mwaka 1995 walitumia njia ya kijanja, walimchokoza mnyama kwa kitu cha kuumiza wakaangalia kipokezi cha substansi P kikizama ndani ya seli, hapo ndo unasema kweli imetoka na imepokelewa. Ukilitaka jibu la namna hiyo, jaribio linaanza panya akiwa bado hai, huwezi kulikumbuka ukiwa tayari na seksheni.

Mwisho ni pini. Kabla ya kukata, toboa tundu dogo pembe ya mbele upande mmoja, urefu wote wa kipande. Seksheni zikishaelea kwenye bafa zinageuka geuka, na bila lile tundu hamna namna ya kujua kushoto ni wapi na kulia ni wapi.