Jinsi ya kumpima mzee nyumbani, pamoja na presha ya kusimama

Mwongozo huu ni wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na wa mtoto au mjukuu anayemlea mzee wake, iwe Newala, Kilwa au Nachingwea. Andaa mashine ya presha inayofungwa juu ya kiwiko, futi kamba ya fundi cherehani, simu ya kuhesabia sekunde, na daftari. Mashine ya kufunga kwenye kifundo cha mkono iache dukani. Mkono ukitetemeka au ukikaa vibaya kidogo tu, namba zake ni za kubahatisha.

Hatua ya 1: Umri

Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulio kwenye kadi ni wa kukisia. Tafuta tukio: mradi wa karanga wa Nachingwea (1947 hadi 1951), kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952, Uhuru 1961, kuhamia vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Usiulize "ulikuwa na miaka mingapi", uliza "ulikuwa unafanya nini". Bibi aliyekuwa ameshaolewa siku ya Uhuru hawezi kuwa na miaka 65 leo, kadi iseme itakavyo.

Hatua ya 2: Dawa

Mfuko wote wa dawa umwagwe mkekani, pamoja na za miti shamba. Unatafuta hasa vitu viwili. Cha kwanza ni diklofenaki inayomezwa kila siku kwa ajili ya magoti, maana hupandisha presha na kuumiza figo. Cha pili ni dawa moja ya presha iliyomo kwenye pakiti mbili zenye majina tofauti. Andika, usimnyang'anye.

Hatua ya 3: Presha ya kukaa

Aende haja ndogo kwanza. Kahawa au ugoro viwe vimepita nusu saa. Pima unene wa mkono wa juu kwa futi kamba: mkanda wa kawaida wa mashine ni wa mkono wenye unene wa sentimita 22 hadi 32, na ukiwa mdogo kuliko mkono, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Mgongo uegemee ukuta au kiti, mkono uwekwe juu ya mto au kanga iliyokunjwa, usawa wa moyo. Salamu zote, za nyumbani na za shamba, ziishe kabla ya kuanza kuhesabu dakika tano za kupumzika. "Babu, naomba tunyamaze kidogo, mashine haipendi maongezi," na wajukuu watoke nje. Pima mara mbili, andika zote. 140/90 ya siku moja si ugonjwa, rudia siku nyingine. Ila 180/120 yenye maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja ni ya hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 4: Presha ya kulala, kisha ya kusimama

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na wengine hawapimi kabisa. Mzee anaweza kuwa na 148/84 akiwa amelala, akisimama ikawa 124/72. Ndiye anayeanguka akiinuka kwa sala ya alfajiri, au akiinama na kuinuka kuokota korosho, halafu watu wanasema ni jua.

Alale dakika tano kamili, upime. Asimame, mtu mmoja akiwa nyuma yake. Pima dakika ya kwanza na dakika ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, presha yake inaanguka.

Kosa kubwa ni mkono. Akisimama, mkono huning'inia, na kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza takriban 8 kwenye namba. Mkanda ukiwa sentimita 25 chini, unaongezewa karibu 20, yaani kiasi kilekile unachokitafuta. Utaandika "haijashuka" na mzee ataanguka kesho yake. Msaidizi amshikie mkono usawa wa kifua, mzee asijishikilie mwenyewe.

Kuanza akiwa amekaa badala ya kulala huficha sehemu ya anguko. Kuegemea ukuta nako huharibu kipimo. Mashine ikikataa kusoma, mlaze tena dakika tano uanze upya, usirudie akiwa amesimama. Akiona giza kabla ya dakika ya tatu mlaze haraka, jibu umeshalipata.

Usimsimamishe dawa. Andika namba zote tatu na saa aliyomeza dawa, apeleke zahanati. Wakati anasubiri, anywe maji ya kutosha ikiwa hajaambiwa apunguze, na akiamka usiku akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kwenda chooni.

Hatua ya 5: Mwendo

Pima mita 3 kutoka kwenye kiti. Ainuke, aende, ageuke, arudi, akae, na mkongojo wake kama huutumia. Sekunde 12 au zaidi, yuko hatarini kuanguka.

Hatua ya 6: Miguu na masikio

Tazama katikati ya vidole na chini ya nyayo, hasa kwa mwenye kisukari: kidonda anaweza asikisikie. Asiyesikia vizuri, huenda ni nta tu. Usichokonoe kwa njiti wala unyoya wa kuku, zahanati wataitoa.